Nusu Pointi Isiyofungwa Uwanjani



Katika safu hii tumekwisha kuizungumzia kamari ya mpira wa miguu mara kadhaa, na hatukukusudia kuyarudia yale yale. Lakini msimu huu imetufikia hoja ambayo hatukuwa tumeisikia kabla, nayo imesemwa kwa adabu na kijana ambaye si mhuni wala mvivu. Anasomea uhasibu chuo kikuu na huhudhuria darsa zetu. Hoja yake ni hii: kamari iliyoharamishwa ni ile ya kubahatisha, ya mtu kurusha dadu na kungoja. Yeye habahatishi. Hufuatilia ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA. Anajua nani anauguza goti, timu ipi imesafiri usiku kucha na ipi imepumzika siku tatu. Wala haweki fedha kwa timu itakayoshinda, jambo ambalo anasema linawezwa na kila mtu, bali huziweka kwa tofauti ya pointi. "Ustadh," alituambia, "hii si kamari, ni hesabu."

Kijana aliyekemewa bila kujibiwa huondoka na simu yake na hoja yake vyote viwili. Basi tumeitazama kamari hii inavyofanya kazi, ili tuijibu kwa yale yaliyomo ndani yake.

Mechi nyingi za ligi ile huzikutanisha timu zisizolingana. Boston yenye nguvu ikicheza na timu dhaifu, karibu kila mtu ataiwekea Boston, na mchezeshaji kamari atalazimika kulipa faida ndogo mno isiyomvutia mtu. Hapo ndipo inapoingia tofauti ya pointi, ambayo vijana wetu huiita hendikapu. Boston hukatwa, tuseme, pointi saba na nusu kabla mpira haujarushwa. Aliyeiwekea Boston hapati kitu mpaka ishinde kwa pointi nane au zaidi. Aliyeiwekea timu dhaifu hupata ikiwa timu hiyo itashinda, na hupata pia ikiwa itafungwa kwa pointi saba au pungufu. Ile nusu haipo uwanjani, kwani katika mpira wa kikapu hakuna awezaye kufunga nusu pointi. Imewekwa ili pasitokee sare baina ya fedha na fedha. Maana tofauti ingekuwa saba kamili, na Boston ikashinda kwa saba kamili, kila mtu angerudishiwa dau lake na mchezeshaji asingeambulia kitu.

Anayetajwa sana kuwa ndiye aliyeianzisha njia hii ni Charles McNeil, mwalimu wa hesabu aliyegeuka kuwa mchezeshaji kamari mjini Chicago katika miaka ya 1940. Hatulitaji jina hili kwa kupamba maneno. Kijana wetu anadhani hesabu iko upande wake, ilhali tangu siku ya kwanza mwalimu wa hesabu alikuwa amekaa upande wa pili wa meza.

Tazama kazi ya ile namba. Kila linalojulikana kuhusu mechi, yaani ubora wa timu, uchovu wa safari, uwanja wa nyumbani, goti la fulani, limekwisha kutiwa ndani yake. Ikitangazwa kwamba nyota wa Boston hatacheza, saba na nusu hugeuka kuwa nne na nusu kabla kijana wa huku hajamaliza kuisoma habari yenyewe. Anapofika na elimu yake mkononi, elimu hiyo imekwisha kutozwa mlangoni. Kinachobaki ni kile ambacho hakuna anayekijua: mpira utakaogonga chuma na kutoka, mwamuzi atakayepuliza filimbi au asiyepuliza, kocha atakayewapumzisha wachezaji wake wakubwa dakika tano kabla ya mwisho kwa kuwa mechi imekwisha kuamuliwa. Namba huwekwa ili pande mbili zikaribie kuwa nusu kwa nusu, mechi ya mwenye nguvu na dhaifu ifanane na sarafu iliyorushwa hewani. Anayesema habahatishi amechagua aina ya kamari iliyotengenezwa makusudi ili kiondoke kila kitu, ibaki bahati.

Hatusemi kwamba hakuna kabisa anayeishinda namba ile. Wapo wachache, wanaofanya kazi kwa kompyuta na mitaji mikubwa. Nao inajulikana wazi kwamba kampuni nyingi za Marekani na Uingereza zikishawatambua huwapunguzia kiwango cha dau, au huwafungia akaunti. Biashara inayomkaribisha asiyejua na kumfukuza ajuaye, ndiyo hiyo kijana wetu anayoiita ya ujuzi.

Tuchukue mechi moja ambayo kila mpenzi wa mchezo huu anaikumbuka. Tarehe 31 Mei, 2018, mjini Oakland, Golden State Warriors waliwakaribisha Cleveland Cavaliers katika mechi ya kwanza ya fainali. Golden State walikuwa wamekatwa takriban pointi kumi na mbili. LeBron James wa Cleveland alifunga pointi 51 usiku ule. Zikiwa zimebaki sekunde chache, timu zikiwa 107 kwa 107, George Hill alikosa mtupo huru ambao ungeipa Cleveland uongozi. Mwenzake J.R. Smith akaudaka mpira chini ya kikapu, na badala ya kuurusha akakimbia nao kwenda mbali, kana kwamba timu yake inaongoza na kazi iliyobaki ni kula muda. Muda ukaisha. Katika muda wa nyongeza Golden State wakashinda, 124 kwa 114.

Dunia ilizungumzia kosa la Smith kwa majuma. Lakini kwa mtu aliyecheza tofauti ya pointi, mshindi wa usiku ule alikuwa Cleveland. Aliyewawekea Golden State aliwaona wakishinda, akausikia uwanja ukishangilia, na fedha zake zikaenda, kwa sababu kumi si kumi na mbili. Alilolisema kabla ya mechi, kwamba Golden State ni bora, lilikuwa kweli. Ujuzi wake ulisadikishwa na dau lake likapotea, vyote kwa matokeo yale yale. Na aliyewawekea Cleveland alilipwa kwa timu iliyoinamisha vichwa ikielekea vyumbani.

Tuje kwenye hesabu, maana ndiyo aliyotuletea. Desturi ya Marekani katika kamari hii ni kuweka dola 110 ili mtu apate faida ya dola 100. Wawili wakiweka pande mbili, mchezeshaji amekusanya 220. Anamlipa mshindi 210, na kumi ni zake, afunge afungaye. Ili mchezaji kamari asipate hasara wala faida inampasa ashinde mara 11 katika kila mara 21. Akishinda nusu kwa nusu anapungua taratibu kama ndoo yenye tundu. Kwa bei ya 1.90 ambayo vijana wetu wanaijua, aliyeweka shilingi 10,000 akashinda hurudishiwa 19,000. Aweke mara mia moja, ashinde hamsini: ametoa 1,000,000, amerudishiwa 950,000. Na hapo hatukumkadiria bahati mbaya.

Tena wengi hawaweki mechi moja moja. Huzifunga mechi tano katika tiketi moja na kuiita mkeka. (Neno hili masikioni mwa wazee wetu ni la kuswalia na la kumlazia maiti, leo kijana akisema mkeka wake umechanika, mama yake hajui atafute sindano au alie.) Ikiwa kila mechi ni nusu kwa nusu, mkeka wa mechi tano hutimia mara moja katika 32. Kwa bei ile ile ya 1.90, dau la 10,000 likitimia hulipwa 247,610. Basi anayetoa 320,000 kwa mikeka 32 anatarajia kurudishiwa 247,610. Katika mechi moja moja shilingi tano zilikuwa zinapotea katika kila mia. Katika mkeka zinapotea zaidi ya ishirini na mbili. Furaha ya kiasi kikubwa kinachoingia mara moja humsahaulisha mtu vidogo vilivyotoka mara thelathini na moja.

Tulimwomba kijana afanye kazi ya fani yake: afungue ujumbe wote wa fedha katika simu yake tangu ligi ilipoanza mwezi Oktoba, aandike safu mbili, iliyotoka na iliyoingia. Alikuwa ametuambia kwamba yuko juu, kwa kuwa mkeka mmoja ulimpa zaidi ya laki tano. Daftari lilisema ametoa 1,130,000 na ameingiza 860,000. Aliijumlisha mara mbili. Pengo la 270,000 lilikuwa sehemu ya ada ya muhula, nalo lilikwisha kuzibwa na mama yake kwa mkopo wa kikundi cha akina mama, bila kuambiwa sababu ya kweli.

Kuna ufisadi mwingine ambao mtu wa huku hauoni. Zamani aliyetaka kununua mechi ilimbidi amshawishi mchezaji akubali kufungwa, na wachezaji wengi wana haya ya kufungwa. Tofauti ya pointi iliondoa haya hiyo: mchezaji aweza kuhongwa, akashinda, akashangiliwa, ilimradi ushindi usizidi kiwango. Mwaka 1950 timu ya City College ya New York ilitwaa mashindano makubwa mawili ya vyuo vya Marekani, NCAA na NIT, kwa msimu mmoja. Mwaka uliofuata wachezaji wake kadhaa walikamatwa kwa kupokea fedha ili wapunguze pointi, na uchunguzi ukawagusa wachezaji zaidi ya thelathini wa vyuo saba. Katika ligi ya kulipwa, mwamuzi Tim Donaghy alikiri mahakamani mwaka 2007 kwamba aliwapa wacheza kamari siri za ndani kwa malipo, na mwaka 2008 akahukumiwa kifungo cha miezi 15. Mwezi Aprili 2024 ligi ilimfungia maisha Jontay Porter wa Toronto Raptors, kijana wa miaka 24. Aliwapa wacheza kamari habari za afya yake, na alitoka uwanjani mapema ili waliobashiri kwamba takwimu zake zitakuwa ndogo walipwe. Baadaye alikiri mahakamani. Mwenyewe alikuwa amezama katika madeni ya kamari. Hatuwataji watu hawa kwa kuwasengenya, kwani mambo yao yako wazi mbele ya umma. Tumewataja ili anayekesha akichambua takwimu za mchezaji ajue kwamba takwimu zenyewe zaweza kuwa zimeuzwa kabla hajaziona.

Kijana alituuliza: mbona ligi yenyewe imeridhia? Ni kweli. Mahakama Kuu ya Marekani tarehe 14 Mei, 2018 iliifuta sheria ya mwaka 1992 iliyokuwa inayazuia majimbo mengi kuruhusu kamari ya michezo, na mwezi Julai mwaka huo huo ligi ikaingia mkataba na kampuni ya kamari ya MGM. Nasi huku kampuni zina leseni na zinalipa kodi. Leseni humkinga mtu na askari. Haibadilishi hukumu ya kilicho ndani, kama leseni ya kilabu cha pombe isivyobadilisha kilicho ndani ya chupa.

Na hoja ya ujuzi na manufaa si ngeni. Waarabu wa zama za Jahiliya, katika njaa ya kipupwe, walimchinja ngamia, wakamgawa mafungu, kisha wakavuta mishale kumi kutoka katika mfuko: saba ina mafungu, mitatu mitupu. Waliotokewa na mitupu ndio waliolipa thamani ya ngamia. Walioshinda hawakuila ile nyama. Waliwapa mafukara, wakajifakharisha kwa hilo, na asiyeshiriki wakamwona bahili. Hiyo ndiyo maysir waliyoifahamu watu wa kwanza kusikia makatazo. Katika aya ya 219 ya Suratul Baqara Mwenyezi Mungu hakukanusha kwamba yamo manufaa kwa watu. Amebainisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Kisha katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, likaja katazo la mwisho, pamoja na sababu mbili: uadui baina ya watu, na kuzuiwa dhikri na swala. Basi iliharamishwa kamari iliyokuwa ikilisha maskini. Itakuwaje hii inayokula ada ya mtoto wa mama mjane?

Hiyo sababu ya swala tuitazame kwa saa. Mechi inayoanza New York saa moja ya usiku wakati wa baridi, kwetu inaanza saa tisa usiku. Ni theluthi ya mwisho ya usiku, wakati ambao Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba dua hujibiwa na mwenye kuomba msamaha husamehewa. Mechi huchukua zaidi ya saa mbili, kwa hiyo robo ya nne, ambayo ndiyo inayoamua tofauti ya pointi, hukutana na adhana ya Alfajiri. Sisi wa kamati tulikuwa tukifurahi kumwona kijana huyu safu ya mbele Alfajiri. Mzee mmoja wa safu hiyo ndiye aliyeona kwamba kila imamu anapotoa salamu, mkono wa kijana huenda mfukoni kabla ya istighfari.

Mchezo wenyewe hauna kosa. Hakeem Olajuwon alicheza katika ligi hiyo hiyo akiwa amefunga, na mwezi Februari 1995, uliokuwa ndani yake Ramadhani, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa mwezi. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, mwaka 2009 alichaguliwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya, na vijana wetu wana haki ya kujivunia. Anayetaka kutazama na atazame marudio mchana, baada ya vipindi vyake. Matokeo hayamdhuru asiye na dau.

Limebaki jambo la fedha. Kabla ya mazungumzo haya kijana alikuwa ameileta kamati shilingi 100,000 katika bahasha, kutoka katika ule mkeka wa laki tano, kwa ajili ya mabomba ya kutawadhia. Wapo waliosema tuzipokee, kwa kuwa maji si mihrabu. Tuliwakumbusha habari ya Makureshi walipoijenga upya Al-Kaaba, kabla ya Mtume (S.A.W.) kupewa utume. Nao walikuwa washirikina, lakini waliafikiana wasiingize humo malipo ya uzinzi, wala riba, wala mali ya dhuluma. Mali safi ikawapungukia, na ndiyo sababu sehemu ya Hijri ikabaki nje ya kuta mpaka leo. Bahasha ikarudishwa. Kuhusu afanye nini nayo, tulimpa kauli ya wanazuoni wengi: mali iliyochumwa kwa haramu na ambayo wenyewe hawajulikani, anayetubia huitoa kwa mafukara kwa nia ya kujivua nayo, asitarajie thawabu ya sadaka. Laki nne na ushei nyingine za mkeka ule zilikwisha kurudi kule zilikotoka.

Na katika akaunti yake ya kamari zilikuwapo shilingi 46,000 alizoziingiza jana yake na hakuwa ameziwekea dau. Hizo ni rasilimali yake mwenyewe, hazina neno. Alizitoa mbele yetu baada ya Magharibi, akaifunga akaunti, na usiku ule ule akampelekea mama yake, zikaingia katika marejesho ya kikundi pamoja na maelezo ambayo mama alikuwa anayadai tangu Januari.